Fedha za Dharura Hufuata Daftari

Kila bei ya maziwa inapoanguka, wafugaji wa upande wetu wa Kiruhura, magharibi mwa Uganda, hunirudishia swali lile lile: wakati wa janga la korona, kwa nini serikali za nchi nyingine ziliwalipa wafugaji wao kwa hasara waliyoipata, na sisi tukaachwa tujitafutie? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba nchi hizo ni tajiri. Ni jibu la kweli, lakini haliumalizi mjadala, kwa sababu hata serikali yetu ilitoa chakula na fedha kwa raia katika miaka ile, na bado msaada huo ulimpita mfugaji wa maziwa pembeni. Mimi ni mtunza hesabu wa ushirika mdogo wa maziwa, na kazi hii imenifundisha kulitazama jambo hili kupitia karatasi. Nimefikia kuamini kwamba fedha za dharura hufika pale ambapo mapato ya mtu yaliandikwa kabla ya dharura kutokea, na kwamba maziwa mengi ya Uganda, ingawa yanalisha nchi na kuvuka mipaka, hayajaandikwa mahali ambapo serikali inaweza kuyasoma.

Nianze na Marekani, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Machi na Aprili 2020, shule, mikahawa na hoteli za huko zilipofungwa, viwanda vilivyokuwa vikisindika maziwa na jibini kwa ajili ya wateja hao vilikosa pa kuyapeleka, na mitambo iliyotengenezwa kufungasha vifurushi vikubwa vya mikahawa au pakiti ndogo za wanafunzi haikuweza kugeuzwa kwa siku chache ifungashe kwa ajili ya maduka. Ng'ombe naye hasubiri soko lifunguliwe; asipokamuliwa huugua kiwele na maziwa yake hupungua. Ndiyo maana maziwa yalimwagwa mashambani. Ushirika mkubwa wa wafugaji wa nchi hiyo, Dairy Farmers of America, ulikadiria mwezi Aprili kwamba hadi galoni milioni 3.7, yaani takriban lita milioni 14, zilikuwa zikimwagwa kwa siku moja.

Sheria kubwa ya misaada ya korona ilitiwa saini tarehe 27 Machi 2020, na tarehe 17 Aprili Waziri wa Kilimo, Sonny Perdue, akatangaza mpango wa dola bilioni 19 ulioitwa Mpango wa Msaada wa Chakula wa Korona (CFAP). Kati ya fedha hizo, bilioni 16 zilikuwa malipo ya moja kwa moja kwa wakulima na wafugaji, na bilioni 3 zilikuwa za kununua mboga, matunda, nyama na maziwa ili vigawiwe wenye uhitaji. Maombi yalianza kupokelewa tarehe 26 Mei, wakati janga lilipokuwa limekaza.

Namna ya kuhesabu malipo ya maziwa ndiyo iliyonivutia kama mtunza hesabu. Mfugaji alitakiwa kuonyesha maziwa aliyoyazalisha Januari, Februari na Machi 2020, pamoja na yale aliyolazimika kuyamwaga. Kwa kila pauni 100 za maziwa hayo alilipwa dola 4.71. Kwa robo ya pili ya mwaka hakutakiwa kuleta karatasi nyingine: wizara ilichukua kiasi cha robo ya kwanza, ikakiongeza kidogo, kisha ikalipa dola 1.47 kwa kila pauni 100. Jumla ilifika karibu dola 6.20, na pauni 100 za maziwa ni kama lita 44. Ng'ombe wa wastani wa Marekani hutoa karibu pauni 24,000 kwa mwaka, kwa hiyo pauni 6,000 kwa miezi mitatu. Ng'ombe mmoja basi alimletea mwenye shamba kama dola 370, ambazo kwa ubadilishaji wa wakati ule zilizidi shilingi 1,300,000 za Uganda.

Nilipomsomea hesabu hiyo mzee mmoja wa ushirika wetu, hakustaajabia ukubwa wa fedha kama nilivyotarajia. Aliniuliza, "Mwanangu, na hao walijuaje kila mtu amekamua kiasi gani?"

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Huko maziwa hupimwa yanapotoka shambani, na sampuli huchukuliwa ili kupima mafuta na protini yake; mfugaji hupewa hati ya malipo inayoonyesha uzito, ubora na makato; na sehemu kubwa ya biashara hiyo imo chini ya kanuni za bei zinazosimamiwa na serikali kwa msingi wa sheria ya mwaka 1937. Wizara ya Kilimo ina ofisi zake katika kaunti, na wafugaji wengi walikuwa tayari na majina yao na akaunti zao za benki katika mafaili ya ofisi hizo. Janga lilipoingia, kazi iliyobaki ilikuwa kuamua kiwango na kuzidisha. Utajiri ulitoa fedha, lakini daftari ndilo lililozifikisha.

Sisemi kwamba mpango huo ulikuwa wa haki katika kila kipengele. Malipo yanayofuata wingi wa maziwa humpa zaidi yule aliyekuwa na zaidi. Kikomo kiliwekwa cha dola 250,000 kwa mtu mmoja, na kampuni yenye wabia wanaofanya kazi shambani iliweza kufikia dola 750,000. Kwa hesabu niliyoionyesha hapo juu, mtu alihitaji ng'ombe zaidi ya 670 ili kugonga kikomo cha kwanza, na mwenye ng'ombe 30 alipokea sehemu ndogo sana ya fedha zile zile. Mimi ningependa kikomo kiwe cha chini zaidi kuliko hapo, hasa katika nchi yenye wafugaji wadogo wengi kama yetu.

Lipo pia jambo ambalo nadhani watunga sera wetu wangefaidika kulisoma kwa makini. Serikali ya Marekani ilipoanza kununua jibini kwa ajili ya masanduku ya chakula, na mikahawa nayo ikaanza kujaza tena ghala zake, bei ya maziwa ya kutengenezea jibini iliruka kutoka dola 12.14 kwa pauni 100 mwezi Mei 2020 hadi dola 24.54 mwezi Julai. Mtu angedhani kwamba wafugaji wote walifurahi. Lakini tangu Mei 2019 bei ya maziwa ya kunywa ilikuwa ikikokotolewa kwa kuchukua wastani wa bei za aina mbili za maziwa ya viwandani (ya jibini, na ya siagi na unga) na kuongeza senti 74, badala ya kufuata ile iliyo juu zaidi kama ilivyokuwa zamani. Bei ya jibini ilipopaa peke yake, wastani ulibaki nyuma, na wafugaji ambao maziwa yao yalikwenda kwenye chupa walikosa fedha ambazo kanuni ya zamani ingewapa. Ilibidi mwaka 2021 serikali itenge dola milioni 350 nyingine kuwafidia, kwa kulipa asilimia 80 ya tofauti hiyo kwa pauni milioni 5 za kwanza za kila mfugaji. Msaada mmoja ulichangia pengo lililohitaji msaada wa pili, na pengo hilo lenyewe lilionekana kwa sababu tu kulikuwa na rekodi ya kulipima.

Nchi nyingine zilifuata njia fupi zaidi. England, Mei 2020, wafugaji wa maziwa waliopoteza robo au zaidi ya mapato yao ya Aprili na Mei walifidiwa asilimia 70 ya hasara hiyo, bila kupita pauni 10,000 za Kiingereza kwa kila mmoja. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wameanza hata kabla ya korona: Januari 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza kiwanda cha serikali cha New KCC kipewe shilingi milioni 500 za Kenya ili kinunue maziwa ya ziada na kuyageuza kuwa unga, na mwezi Mei, katika mpango wa kuinua uchumi, zilitengwa shilingi bilioni 3 za vocha za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000.

Januari hiyo hiyo ndiyo iliyotuumiza sisi. Maziwa ya Uganda, yakiwemo yanayosindikwa Mbarara, yalikuwa yakikamatwa na kuzuiliwa upande wa Kenya, na soko letu kubwa la nje likasinyaa kabla hata ya ugonjwa kufika. Kisha tarehe 21 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona akathibitishwa nchini, na siku chache baadaye usafiri wa abiria ukasimama, minada ya ng'ombe ikafungwa, na watu wakaamriwa kubaki nyumbani. Ni haki kusema kwamba serikali haikuzuia maziwa yenyewe: malori ya mizigo yaliruhusiwa kutembea, na bodaboda waliruhusiwa kubeba mizigo bila abiria. Tatizo lilikuwa kwamba mnywaji alikuwa ametoweka. Hoteli zilikuwa tupu, harusi hazikufanyika, vibanda vya chai vya Kampala vilifungwa, na shule zilizofungwa Machi 2020 hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, muda ambao hakuna nchi nyingine duniani iliyoufikia.

Katika kituo chetu tangi la kupozea lilijaa asubuhi, na lori la kuyachukua wakati mwingine halikuonekana hadi kesho yake. Tuliwaambia wanachama walete maziwa ya asubuhi tu. Waliokuwa na watoto wengi waliyanywa, wengine waligandisha, wengine walitengeneza samli hadi samli nayo ikakosa mnunuzi. Bei iliyolipwa mlangoni mwa boma ilishuka kiasi kwamba baadhi ya wanachama walishindwa kununua dawa ya kupe, na hapa kwetu, ambapo kupe wamezoea dawa nyingi, kuruka wiki chache za kuogesha ni kukaribisha ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe ambao huua ng'ombe. Hasara ya pili ilitokana na ya kwanza, na hiyo ya pili haikuisha masoko yalipofunguliwa, kwa maana mtamba aliyekufa mwaka 2020 angekuwa anakamuliwa mwaka 2022.

Serikali yetu ilifanya nini? Aprili 2020 ilianza kugawa chakula Kampala na Wakiso: kilo 6 za unga wa posho na kilo 3 za maharagwe kwa mtu, pamoja na chumvi, na kwa mama wanaonyonyesha na wagonjwa wakaongezewa maziwa ya unga na sukari. Maziwa hayo ya unga nimeyafikiria mara nyingi, kwa sababu ndiyo mahali pekee nilipoona msaada wa korona ukigusana na maziwa. Mpango wa namna hiyo ungeweza kuwa njia ya kumsaidia mfugaji pia, kama mkataba wa kununua unga ungeambatana na sharti la bei ya chini ambayo kiwanda kingepaswa kumlipa mleta maziwa. Bila sharti hilo, serikali hununua unga kwa bei ya unga, na mfugaji huendelea kupokea bei ya janga.

Mwaka 2021, wakati wa kufungwa kwa mara ya pili kulikoanza Juni kwa siku 42, zilitolewa shilingi 100,000 kwa kila kaya kwa takriban kaya laki tano za mijini zilizoonekana kuwa hatarini, na fedha zilipitia simu za mkononi. Orodha iliwalenga watu kama madereva, waendesha bodaboda, wafanyakazi wa saluni na wa baa, ambao kazi zao zilikuwa zimesimamishwa kwa amri. Sina kinyongo nao hata kidogo. Wao walikatazwa kabisa kufanya kazi, na sisi tuliruhusiwa. Ninachoona ni kwamba ruhusa ya kufanya kazi ilichukuliwa kuwa sawa na kuwa na kipato. Na hata huko mijini, wapo waliokwama kwa sababu jina la kwenye kitambulisho cha taifa halikulingana na jina lililosajiliwa kwenye laini ya simu. Kama orodha ya mjini, ambako mwenyekiti wa mtaa anamjua kila mtu, ilileta taabu hiyo, sijui orodha ya wafugaji waliotawanyika malishoni ingetengenezwaje kwa wiki mbili.

Mkulima na mfugaji waliachiwa mikopo. Mfuko wa Mikopo ya Kilimo unaosimamiwa na Benki Kuu ya Uganda tangu mwaka 2009 hutoa mikopo kwa riba isiyozidi asilimia 12 kwa mwaka, na Benki ya Maendeleo ya Uganda iliongezewa mtaji. Mikopo hiyo imewasaidia wenye mashamba yaliyopimwa na hati mkononi. Lakini mtu ambaye maziwa yake yamekosa soko hawezi kuponywa na deni. Anaongezewa tarehe nyingine ya kulipa juu ya zile alizonazo za ada, dawa na mshahara wa mchungaji. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022 kwa shilingi milioni 100 kwa kila parokia (kwetu ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) na mkopo wa hadi shilingi milioni moja kwa kaya kwa riba ya asilimia 6, ulikuja baadaye na kwa kusudi jingine la kuinua uzalishaji. Ninautaja kwa sababu ya manufaa yake ambayo watu hawayasemi sana: umeandikisha kaya, parokia kwa parokia, pamoja na shughuli zao. Kwa mara ya kwanza katika eneo letu ipo orodha ya serikali ambayo ndani yake mfugaji ametajwa kuwa mfugaji.

Kinachokosekana kwenye orodha hiyo ni lita. Mwanachama wetu anapoleta maziwa, tunayapima kwa laktometa, kuona kama yametiwa maji, na kwa alkoholi, kuona kama yameanza kuchacha, tunaandika jina na kiasi, na tunamlipa kila nusu ya mwezi. Serikali husajili vituo na kutoa leseni kwa wafanyabiashara wa maziwa, kwa hiyo ngazi ya juu ipo na ngazi ya chini ipo. Katikati, daftari letu halisafiri kwenda popote. Mwaka ukiisha linawekwa kabatini. Na nje ya vituo kama chetu yapo maziwa mengi yanayonunuliwa na vijana wa pikipiki mlangoni mwa boma kwa fedha taslimu, bila risiti, ambayo hayamo katika daftari lolote.

Napendekeza kwamba kila kituo kilichosajiliwa kipeleke kwa Wizara ya Kilimo ya nchi yetu, kila mwezi, jumla ya lita za kila mleta maziwa pamoja na namba yake ya kitambulisho cha taifa na namba yake ya simu. Hasara ikitokea, ilinganishwe na miezi ile ile ya mwaka uliotangulia. Hapa hatupaswi kuiga Marekani, kwa sababu Januari na Februari kwetu mara nyingi ni kiangazi, majani yamekauka na ng'ombe hutoa kidogo. Mfugaji akipimwa kwa miezi hiyo atalipwa kana kwamba mvua haijawahi kunyesha shambani kwake. Malipo yahesabiwe kwa lita za kwanza tu, tuseme 30 kwa siku, ili mwenye boma kubwa asibebe mfuko wote. Na fedha ziende kwa yule ambaye jina lake huandikwa kituoni wakati wa kupima, kwa kuwa katika nyumba nyingi za hapa kwetu Ankole kazi ya maziwa na samli imekuwa mikononi mwa wanawake ilhali ng'ombe huhesabiwa kuwa mali ya mume; fidia ikifuata umiliki wa ng'ombe, anayepoteza mapato si yeye atakayelipwa.

Upinzani mkubwa ninaokutana nao ni hofu ya kodi. Mama mmoja ambaye huleta maziwa yake kwa baiskeli aliniambia waziwazi, "Mwanangu, leo unaandika lita zangu ili nisaidiwe, kesho watakuja wengine na daftari hilo hilo kunidai." Sikumwambia kwamba hofu yake haina msingi, kwa sababu inao. Ninaamini sheria au kanuni ya kuanzisha orodha hiyo inapaswa kutamka kwamba takwimu za kituo zitatumika kwa fidia na kwa kupanga chanjo za mifugo peke yake, na kwamba mtumishi atakayezitumia vingine amevunja sheria. Bila kifungu hicho, wafugaji wataandika nusu ya maziwa yao, na siku ya fidia watalipwa nusu.

Wapo wanaoniambia kwamba korona imepita na hakuna haja ya kujiandaa kwa jambo linalotokea mara moja katika karne. Wanasahau ugonjwa wa miguu na midomo. Unapozuka, wilaya huwekwa karantini, minada hufungwa, mifugo na mazao yake huzuiwa kutoka, na maziwa hukosa pa kwenda kama yalivyokosa mwaka 2020. Tofauti ni kwamba hili hutukuta mara kwa mara, na mfugaji hubeba gharama yote ya amri ambayo faida yake ni ya nchi nzima. Karantini ingekuwa mahali pazuri pa kuujaribu mpango wa fidia kwa lita, kwa kuwa eneo linajulikana, tarehe ya kuanza na ya kumaliza imeandikwa kwenye amri, na idadi ya walengwa si kubwa.

Kwa upande wetu tumeanza na kilicho ndani ya uwezo wetu. Kila mleta maziwa sasa hupewa hati ya nusu mwezi yenye lita, bei na makato, na tumewaruhusu vijana wa pikipiki kuandikisha kwa majina wafugaji wanaowakusanyia, badala ya maziwa yote kuingia kwa jina la mwenye pikipiki. Baadhi yao wanakataa, kwa kuhofia kwamba mfugaji akishajulikana kituoni ataleta mwenyewe na wao watakosa riziki. Bado tunazungumza nao kuhusu ada ya usafirishaji ambayo kituo kitawalipa kwa kila lita. Barua ya kuiomba wilaya ipokee takwimu zetu kila mwezi imekwisha kuandikwa, na wanachama watakapoitia saini kwenye mkutano mkuu nitaipeleka pamoja na nakala za daftari la mwaka mzima.